Kisu cha damaskasi: nakshi mbali, makali mbali

Wiki hii karibu maswali yote yanahusu visu vile vyenye mawimbi mwilini, vinavyoletwa na ndugu walioko Ghuba au kuagizwa mtandaoni. Nimechagua matano.

Shemeji kaniletea kisu kutoka Muscat. Muuzaji kamwambia ni chuma kile kile cha panga za kale za Dameski. Kweli? (Msomaji, Tanga)

Shemeji kauziwa hadithi. Vitu viwili vinatumia jina moja la damaskasi. Cha kale kilipikwa India ya kusini na Sri Lanka: chuma kilifungiwa ndani ya chungu cha udongo pamoja na vijiti au majani, kikayeyuka, kikaachwa kipoe polepole. Lilitoka donge lenye kaboni karibu asilimia 1.5, na mawimbi yalitokana na donge lenyewe. Mhunzi wa Uajemi au wa Shamu alilifua kwa moto wa wastani, maana likizidi joto mawimbi hupotea. Ufundi huo ulikuwa umekatika kufikia karne ya 19.

Cha leo ni matabaka. Vyuma viwili tofauti hupangwa, huunganishwa kwa moto na nyundo, kisha hukunjwa na kufuliwa tena, kama chapati inavyopakwa mafuta, ikakunjwa na kusukumwa upya. Vibapa 7 ukivikunja mara 5 una matabaka 224. Mhunzi Mmarekani William Moran alivionyesha visu vya namna hii mwaka 1973, na tangu hapo wahunzi wengi wakaufuata mtindo. Cha shemeji sitashangaa kikiwa kimetoka Wazirabad, mji wa Punjab, Pakistan, kando ya mto Chenab, ambako visu ni riziki ya watu wengi. Si aibu. Wapo mafundi hodari kule, na wapo wa kulipua.

Nimekisugua kwa msasa, nakshi yote imefutika. Nimeibiwa? (Msomaji, Nakuru)

Huenda hukuibiwa. Tofauti ya rangi huletwa na dawa: kisu huchovywa kwenye kloridi ya feri, ile ile ya kuchongea bodi za saketi. Chuma chenye nikeli hubaki cheupe, kisicho nayo huwa cheusi. Msasa umeondoa kazi ya dawa tu. Fundi akikiosha mafuta yote akakichovya tena, nakshi itarudi. Isiporudi, ilikuwa picha iliyochorwa juu juu. Tazama pia mgongo wa kisu: mistari ya kweli huvuka kutoka shavu moja hadi la pili.

Ila swali hilo hunisumbua kidogo kuliko jingine ambalo halikuulizwa: je, chuma kimekazwa? Changu cha kwanza, cha duka moja la watalii, kilikuwa na mawimbi ya kupendeza na mpini wa mfupa wa ngamia. Kilikata nyanya tatu, ya nne kikaiponda. Nikapitisha tupa kwenye makali: ikauma, ikamwaga unga kama inavyofanya kwenye msumari. Chuma kilichokazwa vizuri tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Matabaka yalikuwa ya kweli kabisa! Aliyekitengeneza aliruka kukipasha hadi kiwe chekundu, kukizamisha kwenye mafuta, kisha kukirudishia joto dogo la nyuzi 200 hivi. Kazi hiyo haionekani kwenye picha, ndiyo maana huachwa. Nenda dukani na tupa ndogo mfukoni, muuzaji akinuna ondoka.

Changu kimeota kutu wiki ya kwanza. (Msomaji, Bagamoyo)

Vingi si chuma kisichoshika kutu. Osha, futa palepale, paka mafuta ya kula kidogo, na usikilaze ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu.

Nikitumie kupasulia mifupa? (Msomaji, Arusha)

Panga lipo kwa kazi gani?

Nimesikia chuma cha Malindi ndicho kilichofuliwa panga za Dameski. (Msomaji, Mombasa)

Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, anasema watu wa Malindi walichimba chuma na kukifanyia biashara. Kuhusu Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, anaeleza kuwa chuma chake kilipelekwa India, na mafundi wa huko wakakigeuza panga bora. Habari yake inaishia India, nami naishia hapo.

La kujivunia bila kuazima jina la Dameski lipo Kagera. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuru la mababu mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Mirija ya udongo iliingizwa hadi ndani ya tanuru, hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye moto. Chini kulikuwa na matete yaliyochomwa, na kaboni yake ikaingia kwenye chuma.

Na ukitaka damaskasi ya nyumbani, mhunzi wa jua kali anaiweza. Springi za gari peke yake hazifai, ni chuma kimoja, nakshi itafifia. Mpelekee tupa kuukuu na vipande vya msumeno wa mkanda wa kiwanda cha mbao, ambao mara nyingi una nikeli. Asipige kabla boraksi, unga unaonyunyizwa kusafisha chuma kinapounganishwa, haijayeyuka ikang'aa kama asali. Kabla ya kukunja, akate ncha kwa grainda atazame: akiona mstari mweusi kati ya vibapa, havijashikana, avirudishe motoni.