Aliyepumzika ana faida?

Umeuliza kama timu ya chuo ya hoki ya barafu ikipumzika wikendi nzima kabla ya mtoano inapata faida. Miguu inapata, ndiyo. Kwenye ECAC, ligi ya vyuo vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, timu 4 za juu huruka raundi ya kwanza ya mtoano, na majeruhi hupata nafuu. Wasiwasi wangu ni kipa: siku nyingi bila mashuti ya mechi yenyewe, macho huchelewa kuzoea. Na uchovu tusiutie chumvi. Aprili 2025, kwenye nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, Western Michigan waliitoa Denver 3-2 siku ya Alhamisi, hadi kipindi cha pili cha nyongeza. Boston University walimaliza nusu fainali yao kwa muda wa kawaida. Jumamosi, fainali, Western Michigan wakawafunga 6-2!