Makala Ngapi Zinatosha? Na Mengine Mliyouliza

Shikamoo Dokta. Mwanafizikia awe na machapisho mangapi ndipo ahesabike kuwa amebobea?

Marahaba. Swali hili halinipi likizo. Idadi hiyo haipo. Mwanafizikia Peter Higgs, baada ya kazi yake ya 1964 iliyotabiri chembe inayoitwa kwa jina lake, hakufikisha makala kumi nyingine, na mwaka 2013 akatunukiwa Nobeli. Mwaka huohuo alisema waziwazi kwamba kwa mambo ya siku hizi asingepata kazi chuo kikuu, maana angeonekana hazalishi. Sasa mtazame mwanafizikia Jan Hendrik Schön wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani. Mwaka 2001 alikuwa akitoa makala moja kila siku nane kwa wastani, na sifa zikimiminika. Wenzake ndio walioziweka grafu zake sambamba. Majaribio mawili, yaliyodaiwa kufanyika katika halijoto tofauti kabisa, yalikuwa na vijipindo vilevile vya mstari, kimoja kwa kimoja. Na hivyo ni vile vijipindo vya kubahatisha ambavyo havijirudii hata ukifanya jaribio lilelile mara mbili. Mwaka 2002 tume ikamkuta na hatia ya kughushi data, akafukuzwa. Jarida la Science likafuta makala zake nane, la Nature saba. Waliokuwa wakimhesabia machapisho hawakuona kitu.

Kipimo cha h ni nini, na cha kwangu kiwe ngapi?

Tumeshalieleza, leo ni mara ya mwisho. Alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na h ya 20, maana yake makala zako 20 zimenukuliwa angalau mara 20 kila moja. Basi. Hakisemi ulifanya nini ndani ya makala hizo. Mwaka 2015 makundi mawili ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, yalitoa makala ya pamoja yenye waandishi 5,154: kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina yao na taasisi zao. Wote wananukuliwa sawasawa. Na anayeweka h yake chini ya sahihi ya baruapepe, mwogope.

Eti paka aliwahi kuandika makala ya fizikia?

Kweli. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington aliandika “sisi” makala nzima ilhali yuko peke yake. Akaona uvivu kupiga taipu upya, akamwongeza paka wake kwa jina la F. D. C. Willard. Jarida la Physical Review Letters likachapa. Kuna waandishi wenza wengi waliochangia chini ya paka huyo.

Jarida limeniandikia “Profesa Mashuhuri”, litachapisha kwa siku tatu nikilipa. Nilipe?

Futa.

Msimamizi wangu anataka jina lake litangulie. Jaribio nimelifanya mimi.

Kwenye fizikia ya chembe majina hupangwa kwa alfabeti, hakuna ugomvi. Kwenye kazi za maabara, aliyefanya jaribio hutangulia na mkuu wa maabara hukaa mwisho. Mweleze hivyo, kwa adabu na kwa maandishi. Na wengine mnaosoma hapa, yakubalini haya kabla mtambo haujawashwa. Mkishapata matokeo kila mtu anakuwa mwandishi wa kwanza.

Makala yangu imekataliwa. Wamenionea, niache utafiti?

Mwaka 1964 Higgs naye alikataliwa andiko lake la pili na jarida la Physics Letters. Akaongeza maelezo kuhusu chembe mpya, akalipeleka Physical Review Letters, likachapwa. Wewe hujaniambia hata wapitiaji, wale wataalamu waliolikagua andiko lako, walisema nini. Nitumie maoni yao, yote, pamoja na yale yaliyokuuma.