Juri haitoi hukumu: maneno ya kesi za ajali ya gari

Swali: Nafanya ukalimani wa Kiswahili huku San Diego, California, na mara nyingine naandika habari za mahakama kwa ajili ya redio ya jamii. Juzi niliandika hivi: "Jopo la majaji limemtia dereva hatiani na kumtoza faini ya dola 200,000 kwa mwanamke aliyemgonga." Mwenzangu anasema hapo hakuna kipande kilicho salama. Kosa liko wapi? Na je, "uamuzi" na "hukumu" si kitu kimoja?

Jibu: Mwenzako kasema kweli. Sentensi inateleza vizuri mdomoni, lakini maneno yake ni ya kesi ya jinai, tena iliyo mbele ya majaji wengi. Wewe ulikuwa unaripoti kesi ya madai iliyoamuliwa na raia wa kawaida.

Tuanze na "jopo la majaji". Kwa msikilizaji wa Mombasa au Arusha, hao ni majaji watatu au zaidi waliokaa pamoja, kama kwenye rufaa. Kesi za fidia ya ajali kwetu husikilizwa na hakimu au jaji peke yake, ndiyo maana hatukurithi neno la kundi hili la raia. Wengine hukimbilia "wazee wa baraza". Hao Tanzania inawajua, lakini kazi yao ni kumshauri jaji, naye halazimiki kufuata maoni yao. Tena neno "wazee" halifai kabisa kwa kundi ambamo kijana wa miaka 18 anaweza kuitwa. Mimi naandika "juri", na mmoja wao ni "mjumbe wa juri". Mara ya kwanza ongeza maelezo mafupi: raia wanaoitwa mahakamani kuamua ukweli wa kesi. Halafu jihadhari na "kwa kauli moja". Katika mahakama za jimbo la California juri ya kesi ya madai huwa na watu 12, na tisa wakikubaliana inatosha. Katika mahakama za shirikisho juri ya madai haipungui watu sita, na wote lazima wakubaliane, isipokuwa pande mbili zimeafikiana vingine.

Sasa "uamuzi" na "hukumu". Hapa ndipo wakalimani wengi huteleza. Juri hupewa karatasi yenye maswali yanayojibiwa kwa mpangilio. Je, mdaiwa alifanya uzembe? Je, uzembe huo ulichangia kwa kiasi kikubwa madhara aliyoyapata mdai? Hasara ni kiasi gani: matibabu, mishahara iliyopotea, maumivu? Je, mdai naye alizembea, na kila mmoja anabeba asilimia ngapi? Majibu hayo ndiyo uamuzi wa juri. Hukumu ni ya jaji, na huingizwa kwenye kumbukumbu za mahakama baadaye. Akiona kiasi kimepita mpaka, jaji anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya, isipokuwa mdai akikubali kiasi kipunguzwe. Ukiita majibu ya juri "hukumu", msikilizaji ataamini kesi imekwisha, na fedha zikipungua atadhani kuna aliyezila. Sema "uamuzi wa juri" kwa ukamilifu wake, usiseme "uamuzi" tu, kwa sababu katika mahakama zetu neno hilo likisimama peke yake hutumika pia kwa uamuzi mdogo wa jaji juu ya pingamizi au maombi.

"Kumtia hatiani" na "faini" ni vya jinai. Faini huenda serikalini. Fidia humwendea mdai. Hata pale juri inapoongeza fidia ya kuadhibu, hiyo bado ni fidia. Vivyo hivyo usiandike kwamba dereva "alithibitika bila kuacha shaka yoyote". Kwenye madai inatosha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Kipande cha mwisho ndicho kinachoniumiza zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani: "mwanamke aliyemgonga". Nani kamgonga nani? Sarufi inaruhusu yote mawili: mwanamke ambaye dereva alimgonga, au mwanamke aliyemgonga dereva. Katika habari inayohusu lawama, utata huo hauvumiliki. Andika "mwanamke aliyegongwa naye".

Uangalifu huohuo unahitajika kizimbani. Shahidi akisema "alinigonga", amemtaja mtendaji mmoja. Akisema "tuligongana", kiambishi "-an-" kimewaweka wote wawili kwenye tendo. Mkalimani asibadilishe moja kuwa jingine, maana California hupunguza fidia kwa kadiri ya uzembe wa mdai mwenyewe: mwenye asilimia 30 ya uzembe kwenye hasara ya dola 200,000 hubaki na 140,000. Texas wao ni wakali zaidi, kwani uzembe wa mdai ukizidi asilimia 50 hapati hata senti. Na shahidi akisema "ajali haina kinga", tafsiri maneno yake hivyohivyo alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Neno "ajali" lina asili ya Kiarabu, na huko lilibeba maana ya muda uliokadiriwa, hata saa ya kufa, kwa hiyo methali inaweza kumfikia mjumbe wa juri kana kwamba shahidi anasema hakuna mwenye kosa.

Sentensi yako basi isomeke: "Juri imeamua kwamba dereva alifanya uzembe, na kwamba mwanamke aliyegongwa naye anastahili fidia ya dola 200,000." Nimeandika "anastahili" kwa makusudi. "Amelipwa" iache mpaka fedha zimfikie mkononi, kwa maana baada ya juri kusema bado kuna hukumu, pengine rufaa, na mara nyingi pande mbili humalizana kwa kiasi kingine nje ya mahakama.