Ukija fildi Tanga: saintpaulia na silikanti sio kesi moja

Wadogo zangu mnaoanza fildi ya uhifadhi Tanga, karibuni. Mtaambiwa mlinganishe saintpaulia, ua la porini la milima ya Usambara, na silikanti, samaki wa kina kirefu baharini, na wengi wanaandika eti vyote viko hatarini kwa shughuli za binadamu, basi, wanafunga laptop. Haitoshi jamani, tafuta kinachoua ni nini hasa.

Saintpaulia unaweza kuipita usiione, kammea kadogo, majani yana manyoya, kamejishikiza kwenye jiwe lenye unyevu chini ya kivuli kizito. Kata miti ya juu, jua lipige lile jiwe, kwisha habari yake hata kama hakuna aliyegusa ua lenyewe. Kwa hiyo usihesabu maua tu, inua shingo uangalie kivuli kikoje. Na yale ya kwenye vyungu yasikuzuge, ua lilifika Ujerumani miaka ya 1890 na leo linauzwa kwa mamilioni duniani, jani moja ukilichomeka kwenye udongo linatoa mche, lakini ya dukani yameshachanganywa mbegu miaka mingi, hayawezi kuziba pengo la aina ya porini iliyokuwa inaishi kwenye korongo moja tu.

Silikanti sasa, huyo hafugiki popote. Anazaa watoto hai, na utafiti wa 2021 ulikadiria mimba inachukua kama miaka 5 na jike anapevuka akiwa na miaka kama 55, sasa jarife (wavu mkubwa wa matundu mapana) likimnasa mama mmoja piga hesabu mwenyewe. Halafu wala hakuna anayemtafuta! Nyama yake mafuta matupu, hailiki vizuri, jarife limetegwa kwa ajili ya papa huko kwenye kina, yeye anaingia tu.

Ndio maana ukifika kwa wavuvi usianze na silikanti, tangu hifadhi yake ya bahari itangazwe 2009 ukilitaja jina hilo tu watu wanahisi umekuja kuwafungia bahari. Salimia wazee, kaa wanaposhona nyavu, uliza matundu ya jarife, kina wanachotega, linalala majini muda gani, data yako iko hapo.

Na zile namba za GPS za mahali ulipoikuta saintpaulia usiziweke kwenye slaidi, mpe msimamizi wako tu, kuna wakusanyaji wa maua wanaozitafuta sana.