Daktari Asipoutambua Ugonjwa Adimu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 5, huanguka mara kwa mara na hupanda ngazi kwa shida. Hospitali ya kwanza ilisema ni matege, ya pili ikasema ini lina hitilafu. Je, madaktari hawasomeshwi magonjwa adimu?
Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Husomeshwa, lakini daktari anaweza kukaa kazini miaka mingi bila kumwona mgonjwa wa aina hiyo, hivyo mawazo yake hukimbilia yale aliyoyazoea. Mtazame mwanao anapoinuka kutoka sakafuni: akitanguliza makalio juu, kisha akijikwea mwenyewe kwa kushika magoti na mapaja, huenda ana ugonjwa wa Duchenne, ambao hudhoofisha misuli na huwapata takriban mvulana 1 kati ya 5,000. Habari ya ini isikushangaze, kwani vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini hutoka pia katika misuli iliyoharibika, jambo ambalo hata madaktari hodari hulisahau. Omba apimwe kiwango cha kreatini kinasi (kimeng'enya cha misuli) katika damu. Kikiwa juu mno, apewe rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto, ili vipimo vya vinasaba vithibitishe. Mrekodi kwa simu akiinuka, umwonyeshe daktari video hiyo.