Lipia cheti kwanza, joho baadaye

Ukiwa mwaka wa mwisho, kila mtu atakuuliza kuhusu utafiti wako, GPA yako (wastani wa alama zako) na utakachovaa siku ya mahafali. Hakuna atakayekuuliza kama una hela ya kutokea chuoni. Kutoka nako kuna gharama. Tofauti ni kwamba ulipokuwa unaingia ukoo mzima ulichanga, na unapotoka wote wanaona sasa zamu ya kuchangia ni yako.

Mimi nilisoma chuo hapa Tanzania kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya serikali, na tangu nimalize nimewasaidia wadogo zangu kupita njia hiyohiyo. Ninachowaambia ni kile nilichokifanya mwenyewe: pesa ya kwanza iende kwenye karatasi, ya sherehe itafuata ikibaki.

Karatasi zinaanza na kliaransi. Ni fomu unayoizungusha maktaba, idarani, bwenini, kwa mshauri wa wanafunzi, hadi kwa mhasibu, na kila saini inathibitisha kwamba hudaiwi. Kwetu hata ofisi ya michezo ilikuwemo. Ilibidi nipate saini kwamba sijaondoka na jezi, mimi ambaye uwanja niliukanyaga nikikata njia kwenda kula tu. Fedha zinazokwamisha watu hapa huwa ndogo: faini ya kitabu, kitasa kilichovunjwa na mtu asiyejulikana mkakatwa chumba kizima, malipo ya sup (mtihani wa marudio) ya mwaka wa pili ambayo hayakusomeka kwenye mfumo. Kwa hiyo nenda kwa mhasibu mwanzoni mwa semista ya mwisho, siyo baada ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista, ukaombe taarifa ya akaunti yako. Kama kuna malipo hayaonekani, utakuwa na muda wa kutafuta risiti. Lipia kwa kontroli namba, ile namba ya malipo iliyotoka kwenye mfumo wa chuo, na uhifadhi ule ujumbe wa simu. Mtu akikwambia umtumie yeye akusaidie kusukuma mambo, mshukuru uondoke.

Na fanya kliaransi kabla hujafunga begi. Ukishafika kwenu Kigoma au Newala, deni la elfu ishirini linageuka nauli ya kwenda na kurudi, pa kulala, na siku ya kusubiri ofisa aliyetoka kidogo.

Joho sasa. Hapa najua nitagombana na akina mama. Joho mara nyingi unalikodi, unarudisha kwa tarehe waliyopanga, ukichelewa unapigwa faini. Bado mpiga picha, suti, saluni, shada la maua, na ile keki ambayo sijawahi kuelewa imetokea wapi. Soma tangazo la chuo chako uone ada ya mahafali inamhusu nani: kuna vyuo vinavyomtoza kila mhitimu, na vingine vinamtoza anayehudhuria tu. Digrii unatunukiwa hata usipokuwepo ukumbini. Sisemi usiende, wangu wangeninunia mwaka mzima. Lakini kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja, picha inaweza kusubiri, unaazima hata joho la rafiki. Cheti hakiazimwi.

Sababu ya kukazania cheti utaiona siku utakapofungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira, wale wanaotangaza kazi za serikali. Wanasema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliki, na karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita pia hazikubaliki. Wanataka vyeti vyenyewe. Yule aliyeacha cheti chuoni kwa sababu ya deni la maktaba anakaa pembeni tangazo linapita, na hajui lingine litatoka lini. Uliza mapema kama transkripti (orodha ya masomo na alama zako) ya kwanza imo ndani ya ada uliyolipa au inalipiwa peke yake, na kama uwezo upo agiza nakala ya ziada ukiwa hapohapo dirishani. Ukitaka kusoma nje baadaye, huenda chuo cha huko kikataka nakala itumwe na chuo chako moja kwa moja, nayo ina gharama yake.

Cheti ukikipata usikipige laminesheni. Kitie kwenye faili la plastiki, mpe mtu mwenye kabati linalofungwa. Kukipoteza ni mlolongo wa taarifa ya polisi, kiapo, mara nyingi na tangazo gazetini, kabla hata hujafika kwenye ada ya chuo. Kuhusu muhuri wa wakili: bei zinatofautiana ofisi hadi ofisi, basi ulizia kabla hujakabidhi bahasha. Piga muhuri seti moja nzuri, iskani vizuri, hifadhi kwenye barua pepe yako. Maombi mengi siku hizi unapakia mtandaoni, hakuna haja ya kugonga mihuri mipya kila wiki.

Kuna na pesa inayorudi, ambayo watu wengi wanaisahau. Kama mwaka wa kwanza ulilipa fedha ya tahadhari, ile dhamana ya vitu utakavyoharibu, ulizia utaratibu wa kurudishiwa ukiwa bado kwenye kliaransi. Ukishaondoka, kuifuatilia kunachosha kuliko thamani yake.

Fani nyingine zina mlango wa pili. Mwanasheria anayetaka uwakili bado ana Shule ya Sheria mbele yake, mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mhasibu ana mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu), daktari ana mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Njia hizi nyingi zina gharama zake, na ni vizuri mzazi wako ajue mapema asije akadhani umemaliza.

Halafu Bodi ya Mikopo. Ile boom tuliyoishangilia, pesa ya kujikimu ya mkopo, ilikuwa deni, na unapewa miezi 24 ya kupumua baada ya kumaliza. Ukiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara. Ilikuwa asilimia 8 hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Kwenye mshahara wa laki saba hiyo ni 105,000 kila mwezi, na bado kuna kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa hiyo ukipewa ofa ya kazi, fanya hesabu ya kinachobaki mkononi kabla hujakubali chumba cha laki mbili na nusu. Angalau ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni livimbe huku unalipa, ilifutwa mwaka 2021. Wanaokutisha nayo mtaani wanasimulia ya zamani.

Jambo moja la Bodi ambalo ningependa kila mhitimu alijue ni kudai taarifa ya mkopo wake mara kwa mara. Binamu yangu alikatwa na mwajiri binafsi mwaka na ushee, makato yapo kwenye karatasi ya mshahara, lakini kwenye akaunti yake Bodi deni lilikuwa palepale. Kilichomwokoa ni zile karatasi za mshahara alizokuwa anazitunza. Linganisha kila baada ya miezi michache, na ukiona pengo, andika barua kwa mwajiri, nakala Bodi. Ukimaliza deni, omba barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza, na mwezi unaofuata hakikisha makato yamesimama kweli.