Kufuga Kuku Penye Dubu: Ushauri kwa Wageni wa Montana

Mtu wa kwetu akipata nyumba yenye ua hapa Missoula, katika jimbo la Montana, haupiti muda mrefu kabla hajaanza kuulizia vifaranga. Si jambo la ajabu, na mji wenyewe unaruhusu mitetea michache kwa kibali, ingawa jogoo hakubaliki kwa sababu ya kuwika kwake. Tangu familia za Kikongo zilipoanza kupokewa hapa kama wakimbizi mwaka 2016, nimeulizwa habari za kuku mara nyingi kuliko habari za ajira, na karibu kila anayeuliza huwa amejiandaa kupambana na mwewe, mbweha na rakuni. Dubu hamo katika hesabu yake, kwa sababu tulikotoka dubu ni mnyama wa kwenye vitabu vya watoto. Mimi nimefuga pembezoni mwa mji huu kwa miaka mingi, chini ya milima ambayo dubu huishuka kila mwaka wakifuata kijito, na ushauri wangu kwa mfugaji mgeni unaanzia hapa: uzio wa umeme uwekwe kabla dubu hajaonja chochote uani kwako, kwa maana akishaonja, kumwondoa ni kazi nyingine kabisa.

Ni vizuri kuelewa kwanza anafuata nini. Dubu mweusi, ambaye licha ya jina lake anaweza kuwa na manyoya ya kahawia au hata ya rangi ya mdalasini, hula mimea, matunda na wadudu zaidi kuliko nyama, na mara nyingi kinachomvuta kwenye banda si kuku bali harufu ya chakula chao. Mahindi yaliyoparazwa, pumba na chakula cha kutagia, vyote vikiwa mahali pamoja, ni shibe ambayo porini angeihangaikia kutwa nzima. Kuanzia Agosti hadi anapoingia pangoni mwanzoni mwa baridi, dubu hula kwa pupa ili ajaze mafuta ya kumvusha miezi ya usingizi, na anaweza kufikisha kalori 20,000 kwa siku moja. Kipindi hicho ndicho anachokuwa tayari kung'oa mlango. Kuku huliwa kwa kuwa wamo humo humo. Lakini akishawaonja hujua kwamba nao ni chakula kisicho na mbio, na mabanda yote ya mtaa huo huingia katika mzunguko wake wa usiku.

Magharibi mwa Montana yupo pia dubu mkubwa zaidi, grizili, anayetambulika kwa nundu iliyo mabegani. Huyo analindwa na sheria ya nchi nzima tangu mwaka 1975, na kumwua kwa ajili ya kuku ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani, kwani ruhusa iliyopo ni ya kuokoa maisha ya binadamu tu. Nalitaja hili mapema kwa sababu swali la bunduki huulizwa kila mara, na hasa na wazee.

Watu wengi hutegemea uimara wa banda. Banda la jirani yangu mmoja lilikuwa zuri kuliko langu: mbao nene, paa la bati, komeo mbili, na wavu wa kuku pande zote. Asubuhi aliyoniita nikalitazame, mlango ulikuwa umelala kwenye majani huku komeo zake zote mbili zikiwa zimefungwa barabara. Dubu hakujisumbua na komeo. Alipenyeza makucha upande wa bawaba akavuta, na misumari ikatoka na vipande vya mbao. Wavu ulikuwa umesukumwa kando kama pazia. Pipa la plastiki la chakula lilikuwa na matundu ya meno kwenye mfuniko, na ndani lilikuwa limelambwa mpaka likang'aa, ilhali kuku kadhaa walikuwa juu ya mti wa tufaha, wazima, wakisubiri mtu aje. Yule dubu alimaliza chakula chote na kuacha sehemu ya kuku, jambo linaloonyesha alichokuwa amekuja kukitafuta. Wavu wa kuku kazi yake ni kuwazuia kuku wasitoke. Kwa dubu hauna maana yoyote, na kuongeza komeo la tatu ni kupoteza fedha.

Wengine hujaribu maarifa ya nyumbani, ambayo kwa asili yake ni maarifa mazuri sana, ila yalitengenezwa kwa ajili ya tembo. Wakulima wa Tanzania na Kenya hupaka kamba za shamba pilipili iliyochanganywa na oili chafu, na tembo hukimbia. Hapa pia pilipili hutumika, katika makopo ya kupuliza ambayo kila apandaye mlima hubeba kiunoni, lakini hufanya kazi dubu anapopuliziwa usoni akiwa karibu. Ikipakwa kwenye ukuta wa banda au ikimwagwa ardhini, mabaki yake ya mafuta humvutia dubu aje kuyanusa na kujigaragaza juu yake, kwa hiyo mwenye kupaka huwa amemwalika. Uzio wa mizinga ya nyuki, unaowasaidia wakulima wa maeneo ya Tsavo, ndio usiofaa kabisa: dubu hula asali pamoja na majana ya nyuki, na wafugaji wa nyuki wa hapa wenyewe huzungushia mizinga yao umeme ili aisiguse. Redio na taa zinazowaka mtu akipita humshtua dubu kwa siku chache, kisha huzizoea. Mbwa anayebweka akiwa ndani husaidia kukuamsha, lakini mbwa aliyeachwa huru usiku anaweza kumchokoza dubu, kisha akakimbilia kwa bwana wake na dubu akimfuata nyuma.

Basi tunabaki na umeme, na hapa nitasema kwa kirefu kwa sababu uzio uliowekwa ovyo humfundisha dubu kwamba nyaya hazina neno. Mashine inayosukuma umeme kwenye nyaya iwe na nguvu isiyopungua jouli 0.7 (jouli ni kipimo cha nguvu ya kila pigo la umeme), na mtu mwenye uwezo achukue ya jouli 1. Kwenye sanduku la dukani huandikwa maili ngapi za uzio mashine inaweza kuhudumia; usizitegemee maili hizo, tafuta jouli. Kwenye nyaya zenyewe ningependa kusoma volti 6,000 au zaidi. Namba hiyo huwatisha wenye watoto, na ni haki yao, lakini umeme wa mashine hizi hutoka kwa mapigo mafupi mno, takriban pigo moja kila sekunde, ambayo huuma sana bila kuua mtu mwenye afya yake. Kinachoua ni kuchomoa waya wa moto kutoka kwenye soketi ya nyumba na kuufunga moja kwa moja kwenye uzio, kama baadhi ya watu walivyozoea kuona wenzao wakifanya kwingineko. Jambo hilo lisifanywe kwa hali yoyote. Nunua mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iwe ya betri yenye paneli ya jua au ya kuchomeka ukutani, na tundika vibao vya tahadhari ili mgeni na mtoto wa jirani wajue.

Nyaya ziwe tano. Wa chini kabisa uwe kama sentimita 20 kutoka ardhini ili dubu asipate nafasi ya kuchimba na kupita, na wa juu usiwe chini ya mita 1 na sentimita 7. Wa kwanza, wa tatu na wa tano ziwe nyaya za moto. Wa pili na wa nne zifungwe kwenye athi, yaani kwenye fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini. Sababu ya kupishanisha ni kwamba Julai na Agosti udongo wa bonde hili hukauka hadi ukawa vumbi, na udongo mkavu haurudishi umeme vizuri, hivyo dubu aliyesimama juu yake anaweza kugusa waya wa moto akahisi mchonyoto tu. Akisukuma nyaya mbili kwa pamoja, mmoja wa moto na mwingine wa athi, umeme humpitia bila kutegemea udongo. Fimbo ya athi iwe ya karibu mita 2 na ipigiliwe mpaka ibaki ncha tu juu. Kwenye ardhi ya mawe weka mbili au tatu, na wakati wa ukame zimwagilie maji. Fundi umeme yeyote aliyefanya kazi Dar es Salaam ataelewa jambo hili haraka kuliko maelezo ya kwenye kitabu kinachokuja na mashine.

Uzio ukae kama mita 1 kutoka kwenye banda, ili dubu akutane nao kabla hajaweka mikono ukutani, na uwe mbali na mti anaoweza kuupanda akarukia ndani. Lango nalo liwe na umeme. Nimeona nyuzio za gharama kubwa zenye lango la mbao tupu. Nyasi zinazogusa waya wa chini hunyonya nguvu yote, kwa hiyo fyeka kila wiki wakati wa mvua za Mei na Juni. Nunua kipima volti na ukitumie jioni kila unapofunga kuku, kwani taa ya mashine inaweza kuwaka vizuri huku nyaya zimekufa. Kuna pia wavu wa umeme unaohamishika, unaowafaa wanaohamisha kuku kwenye malisho. Unatosha ikiwa mashine ina nguvu na wavu haujalegea.

Manyoya ya dubu ni mazito na huzuia umeme, ndiyo maana tunataka aguse kwa pua. Alfajiri moja ya Septemba nilimtazama mmoja kutoka dirisha la jikoni. Alikuja akifuata ukuta wa gereji, akasimama mbele ya uzio akiyumbisha kichwa, kisha akanyoosha shingo na kuunusa waya wa tatu. Hakunguruma. Alitoa pumzi moja nzito, akaruka nyuma kwa miguu yote minne, akaketi, akajilamba pua mara kadhaa, akaondoka kuelekea kijitoni. Ndani ya banda kuku hawakuamka.

Hata hivyo, umeme hauwezi kulinda ua wenye harufu kila pembe. Chakula cha kuku kikae kwenye pipa la chuma ndani ya gereji inayofungwa, na kuku wapewe kile watakachokimaliza siku hiyo. Matufaha na plamu ziokotwe kila siku zinapoanguka, au mti uvunwe mapema. Chakula cha ndege wa porini, ambacho Wamarekani hupenda kukitundika, kisiwepo kuanzia Aprili hadi baridi ikaze. Takataka zitolewe nje asubuhi ya siku ya gari, si usiku uliotangulia. Na sisi tuna mambo yetu ambayo wataalamu wa hapa hawatakutajia. Dagaa wasianikwe uani, wala wasihifadhiwe kwenye kibanda cha mbao. Jiko la nyama choma lichomwe mpaka mafuta yaishe, lisuguliwe, kisha liingizwe ndani. Ukichinja kuku, usizike utumbo na manyoya bustanini kama tulivyozoea, maana dubu atavifukua usiku huo huo. Funga kwenye mfuko, weka kwenye friza, utoe asubuhi ya takataka. Mahali ulipochinjia pamwagiwe maji mengi na sabuni, au, bora zaidi, chinjia ndani ya uzio wakati kuku wengine wamefungiwa bandani.

Ukisikia kuku wakipiga kelele usiku wa manane, usitoke na tochi na panga kumkabili mwizi. Kusanya watoto ndani, washa taa za nje, gonga sufuria dirishani na mwachie dubu njia ya kuondokea. Akiwa na watoto wake, uwe na tahadhari maradufu. Kisha piga simu kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, Montana Fish, Wildlife & Parks, yenye wataalamu wa dubu ambao hufika kuangalia ua na kutoa ushauri bila malipo. Usisite kwa kuogopa sare au makaratasi. Mama mmoja kutoka Kivu ya Kusini alinieleza kwamba alinyamaza kwa hofu ya kuulizwa kibali, na kwa kunyamaza kwake dubu alirudi tena na tena hadi akawa hamwogopi mtu. Dubu aliyefikia hapo kwa kawaida huuawa na mamlaka, kwa sababu hata akihamishwa anaweza kurudi. Kuhusu gharama, shirika la Defenders of Wildlife limekuwa likiwarejeshea wafugaji wa Montana nusu ya fedha za uzio, kiasi kisichozidi dola 500, kwa hiyo waulize kabla ya kununua chochote na utunze risiti.

Theluji ikifunika waya wa chini, tenganisha waya huo na mashine ili usinyonye nguvu, na betri iingizwe ndani baridi inapozidi. Irudishwe mwezi Machi, kwa kuwa madume huanza kutoka pangoni wakati huo wakiwa na njaa, na milimani bado hapajaota kitu cha kula.